Ripoti ya Dharura Ianzie Simu Inapopigwa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 43(2) kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Miaka saba baadaye Sheria ya Afya ya 2017 ikaifafanua haki hiyo: matibabu ya dharura ni pamoja na huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali yake, na kumpangia rufaa pale kituo kinapozidiwa. Hospitali yenye uwezo inayokataa kumhudumia mgonjwa wa aina hiyo inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Kwa mujibu wa maandishi hayo, mkulima anayeanguka shambani Mukurwe-ini ana haki ile ile aliyo nayo mtu anayeanguka mbele ya lango la Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi. Tatizo ni kwamba haki hiyo, jinsi ilivyoandikwa, haina saa. Haisemi msaada ufike baada ya muda gani, wala haimlazimishi yeyote kuandika ulifika baada ya muda gani. Familia ikilalamika kwamba ambulensi ilichelewa, kaunti inaweza kujibu kwamba haikuchelewa, na pasiwe na daftari la kuamua mkweli ni nani. Kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika huduma ya dharura ya Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, kubwa kuliko uhaba wa magari, kwa sababu inauficha hata huo uhaba wenyewe. Dawa yake ni kanuni ya kuripoti: kila wito wa dharura uandikwe kuanzia simu inapopigwa hadi mgonjwa anapopokelewa kitandani, wito usiojibiwa nao uandikwe, na muhtasari wa yote hayo uchapishwe wananchi wausome.

Serikali yenyewe si mgeni wa kudai ripoti. Inadai nyingi mno. Tangu mwaka 2011 takwimu za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa mfumo mmoja wa mtandaoni, ule ambao maofisa wa takwimu wanauita KHIS. Kila mwezi hospitali za Karatina, Othaya na Mukurwe-ini, na hata zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja, hujaza fomu za muhtasari. Ipo MOH 705 ya magonjwa ya wagonjwa wa nje, moja ya watoto walio chini ya miaka 5 na nyingine ya waliozidi umri huo. Ipo MOH 711 ya afya ya uzazi na huduma zinazoambatana nayo, na MOH 717 ya wingi wa kazi. Majeruhi wa barabarani wana mstari wao, walioumwa na nyoka wana wao. Lakini fomu zote hizi zinaanzia mlangoni mwa hospitali. Hakuna safu inayouliza simu ilipigwa saa ngapi, nani aliipokea, gari lilitokea wapi, wala mgonjwa alikaa njiani dakika ngapi. Ofisa wa takwimu Nyeri anaweza kukuambia ni watu wangapi walitibiwa kisukari mwezi uliopita. Ukimuuliza mgonjwa wa Endarasha husubiri gari kwa muda gani, fomu zake hazina pa kumsaidia.

Cha kushangaza ni kwamba ndani ya ambulensi yenyewe tayari kuna ripoti ya lazima. Ambulensi ya kaunti ni gari la serikali, na dereva wa gari la serikali hatoki bila tiketi ya kazi. Kwenye ukurasa huo huandikwa tarehe, safari, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, mafuta yaliyotiwa, na sahihi ya ofisa aliyeidhinisha. Wakaguzi wakija, ukurasa huo huitishwa, na dereva ambaye hesabu zake hazilingani hujieleza. Kwa hiyo katika kila ambulensi ya umma ya Nyeri, Embu au Meru tayari yupo mtu aliyezoea kuandika safari moja baada ya nyingine, na yupo msimamizi aliyezoea kukagua. Kinacholindwa na maandishi hayo ni dizeli. Mgonjwa aliyebebwa haonekani humo ila kwa jina la hospitali alikopelekwa. Serikali ilijua zamani kwamba mali ya umma isiyoandikwa hupotea, ikaweka utaratibu mkali wa kuilinda, nao umedumu. Dakika za mgonjwa hazijawekewa utaratibu wa namna hiyo, na zinapotea kila siku.

Kuhesabu kuanzia mlangoni kuna matokeo mabaya zaidi: anayekufa kabla ya kufika mlangoni hayumo kabisa katika takwimu za matibabu. Kifo cha hospitalini huandikwa na hospitali katika fomu D1. Kifo cha nyumbani hupelekwa kwa naibu wa chifu, naye hujaza fomu D2 kwa kadiri alivyoelezwa na jamaa. Kifo cha ajali hupitia polisi. Mtu mmoja aliyegongwa na pikipiki anaweza kuandikwa katika daftari la matukio kituoni, katika rejesta ya kasualti na katika mochari, bila namba moja ya kuziunganisha kumbukumbu hizo tatu, na bila hata moja kati yake kusema kama alikufa papo hapo au alikufa akingoja. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala lote. Aliyekufa papo hapo angeokolewa na barabara salama. Aliyekufa akingoja angeokolewa na ambulensi. Bila kuwatenganisha wawili hao, hatuwezi kujua fedha zipelekwe wapi. Ukubwa wa pengo hili ulionekana pale Shirika la Afya Duniani lilipolinganisha hesabu za nchi mbalimbali: kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965 vya barabarani, ilhali makadirio ya shirika hilo yalikuwa vifo 13,463. Hata mtu akiyapunguza makadirio hayo kwa nusu, bado maelfu ya Wakenya walikufa bila kuhesabiwa na daftari la polisi, na huduma inayopangwa kwa kutegemea daftari hilo inapangwa kwa sehemu ndogo ya ukweli.

Kwa Nyeri, tena, ajali ni upande mmoja tu. Desemba 2018 serikali ilipozindua majaribio ya afya kwa wote, kaunti 4 zilichaguliwa, kila moja kwa mzigo wake. Machakos ilichaguliwa kwa sababu ya majeraha ya barabarani, Kisumu kwa magonjwa ya kuambukiza, Isiolo kwa jamii ya wafugaji wanaohama, na Nyeri kwa magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari na shinikizo la damu. Maana yake ni kwamba dharura nyingi za Nyeri hazina kelele. Hakuna umati unaokusanyika barabarani wala picha za gari lililopondeka. Kuna mzee wa Tetu anayeamka mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki, na mama wa Othaya ambaye sukari imeshuka usiku hadi amepoteza fahamu. Magonjwa haya hupimwa kwa saa kuliko hata ajali. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha lile bonge, lakini dawa hiyo hutolewa ndani ya takriban saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha ili ijulikane kwamba hakivuji damu. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari ni dalili zilianza saa ngapi. Jibu la jamaa wakati mwingine linakuwa kwenye faili la mgonjwa, kisha linafia humo. Halipandi kwenye muhtasari wa mwezi, na kaunti haiwezi kujua ni wagonjwa wangapi wa kiharusi walifika baada ya muda kupita, wala kama waliupoteza nyumbani wakidhani ni uchovu, au barabarani wakitafuta gari, au katika hospitali ya kwanza wakingoja rufaa. Kila chanzo kati ya hivyo vitatu kina tiba yake ya kiutawala, na tiba ya kimoja haifai kwa kingine.

Kuna sababu nyingine ya kudai kumbukumbu za dharura, nayo Nyeri inaijua kwa uchungu. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, eneo la Kieni. Watoto 21 walikufa. Hesabu iliyotangazwa mwanzo ilikuwa 17, na siku iliyofuata aliyekuwa Naibu Rais, Rigathi Gachagua, alisema watoto 70 hawajulikani walipo, ingawa huenda wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi au kuhifadhiwa na majirani. Sina nia ya kumlaumu aliyetangaza. Alitangaza alichopewa, na alichopewa kilitegemea kujumlisha orodha ambazo hazikuwepo. Katika mkasa wenye watoto zaidi ya 150 ndani ya bweni moja, kuandika nani amebebwa, na gari gani, kwenda wapi, saa ngapi, ni sehemu ya uokoaji wenyewe. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe hayumo katika orodha yoyote anateswa na ukosefu wa karatasi. Utaratibu huo hauwezi kubuniwa usiku wa moto. Wahudumu wataandika vizuri siku ya mkasa mkubwa ikiwa tu wamezoea kuandika siku za kawaida.

Je, Kenya inaweza kuripoti namna hii? Inaweza, kwa sababu tayari inafanya hivyo kwa kundi moja la wagonjwa. Kifo cha mama kinachotokana na ujauzito au uzazi kinatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 24, kisha kamati ya kituo ikae na kukijadili ndani ya siku 7. Kamati hiyo haitafuti wa kufukuzwa kazi. Inauliza muda ulipotelea wapi: nyumbani katika kuamua, njiani katika kusafiri, au hospitalini katika kuhudumiwa, ule mpangilio wa ucheleweshaji wa aina tatu ambao watafiti Thaddeus na Maine waliueleza mwaka 1994. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilitoa ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo hivyo, ikihusu vifo vya mwaka 2014, na ikakiri kwamba zaidi ya mama 9 kati ya kila 10 waliochunguzwa hawakupata huduma ya kiwango kinachofaa. Hayo ni maneno mazito kwa serikali kujisemea. Yalipatikana kwa sababu kuna fomu, kuna muda wa mwisho wa kuarifu, na kuna watu wanaolazimika kukaa mezani na kuisoma. Mzee aliyekufa kwa kiharusi ndani ya matatu kati ya Mukurwe-ini na Nyeri mjini hana fomu ya aina hiyo, wala hakuna kamati inayomwita yeyote kueleza.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kanuni hii hutoka kwa wahudumu wenyewe, na linastahili heshima. Muuguzi anayesindikiza mgonjwa usiku kutoka Mukurwe-ini, barabara inapinda na kushuka mabondeni, mkono mmoja ukiwa kwenye oksijeni, hawezi kuambiwa ajaze kurasa mbili. Vituo vya afya vya umma vimejaa rejesta, na rejesta mpya mara nyingi huongezwa juu ya ya zamani bila ya zamani kuondolewa. Ni kweli. Lakini kinachohitajika ni saa tano tu: simu ilipopokelewa, gari lilipotoka, lilipomfikia mgonjwa, lilipofika hospitalini, na mgonjwa alipopokelewa. Mbili za kwanza ziandikwe na anayepokea simu, siyo na muuguzi. Mbili zinazofuata dereva anaweza kuziandika kwenye tiketi ya kazi anayojaza tayari. Ya tano iandikwe na kasualti. Na asiseme mtu kwamba kazi ya mashambani haiandikiki. Katika vituo vya kununulia majani chai vya Othaya na Mathira, karani hupima mzigo wa kila mkulima huku foleni ikisukumana na lori likiunguruma, na mkulima huondoka na risiti yenye kilo zake. Inawezekana kwa sababu mwisho wa mwezi risiti ile ni pesa.

Pesa ndiyo inayonipeleka Tanzania, ambako jambo hili limepatiwa ufumbuzi ambao Kenya ingefaa kuutazama vizuri. Mfumo wa m-mama, unaotumia namba 115, ulianzia Shinyanga na Sengerema kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa kama mpango wa taifa zima. Simu hupokelewa katika kituo cha uratibu, mpokeaji hupima uzito wa tatizo, kisha hutuma ambulensi, na kama hakuna ambulensi karibu humtafuta dereva wa kijijini aliyesajiliwa mwenye gari lake. Dereva huyo hulipwa kwa simu mgonjwa anapofikishwa kituoni. Kwa maana hiyo kila safari ina mwanzo na mwisho ulioandikwa, kwa sababu bila maandishi hakuna malipo. Hakuna aliyehitaji kumhubiria dereva umuhimu wa takwimu. Kenya imepata nafasi kama hiyo tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima, NHIF. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi, na usafiri wa ambulensi umo katika huduma zinazolipiwa. SHA ikikataa kulipia safari yoyote isiyo na zile saa tano, zitaandikwa. Ikilipa kwa kilomita peke yake, tutapata tiketi ya kazi nyingine, inayolinda kilomita badala ya dizeli.

Wapo wanaohofia kwamba hesabu zikianza kuchapishwa zitachezewa, na historia inawaunga mkono. Uingereza iliwahi kuweka lengo kwamba robo tatu ya wito mzito kabisa ufikiwe ndani ya dakika 8. Baadhi ya huduma zikawa zinatuma pikipiki au gari dogo lisiloweza kubeba mgonjwa, ili tu saa isimame, kisha mgonjwa akaendelea kungoja gari lenyewe. Mwaka 2017 mpangilio ukabadilishwa. Wito uligawanywa katika makundi manne kulingana na uzito, wastani wa kundi la kwanza ukawekwa dakika 7, na pamoja na wastani kukachapishwa muda ambao wagonjwa 9 kati ya 10 hufikiwa. Hili la mwisho ndilo lenye manufaa kwetu. Wastani wa Nyeri unaweza kupendeza kwa sababu tu wito mwingi unatoka mjini, King'ong'o na Ruring'u, karibu kabisa na hospitali ya rufaa. Anayeishi pembeni ya msitu Kieni amefichwa ndani ya wastani huo. Ripoti ionyeshe yule wa mwisho alingoja kwa muda gani, na ionyeshe wadi kwa wadi. Udanganyifu utakuwepo, kama ulivyo katika kila hesabu, lakini takwimu inayodanganya inaweza kukaguliwa na kukanushwa; kimya hakikaguliki.

Na kimya kikubwa zaidi kinahusu wito ambao haukujibiwa. Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, hatimaye akafa. Taifa lilijua kwa sababu waliokuwa naye ndani ya gari walisimulia. Kisa hicho kilitikisa nchi na kikatajwa sana katika mjadala wa haki ya matibabu ya dharura, lakini kilifika kwenye mjadala kwa njia ya vyombo vya habari, siyo kwa njia ya ripoti yoyote. Waliozungushwa bila kupata msimulizi hawajulikani. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba simu iliyopigwa na gari lisipatikane iandikwe kwa uangalifu ule ule wa simu iliyojibiwa, na sababu itajwe: gari liko gereji, halina mafuta, liko safarini Nairobi, hakuna muuguzi wa zamu. Kaunti itakayoripoti wito uliojibiwa peke yake itaonekana bora kadiri inavyokataa wagonjwa wengi.

Pingamizi la ugatuzi nalo husikika kila serikali kuu inapotaka takwimu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti huduma za ambulensi, na serikali ya kitaifa imebakiwa na sera na hospitali kuu za rufaa. Kwa nini basi Nairobi iziamuru kaunti ziripoti nini? Jibu liko barabarani. Gavana wa Nyeri, Dkt. Wahome Gakuru, alikufa Novemba 7, 2017 katika ajali iliyotokea Kabati. Kabati iko Murang'a, na hospitali alikopelekwa ni ya Thika, Kaunti ya Kiambu. Kaunti tatu ziliguswa na dharura moja ya asubuhi moja. Hali ndiyo hiyo kwa wananchi wa kawaida. Mgonjwa wa Naro Moru ni wa Kaunti ya Nyeri, lakini yuko karibu zaidi na hospitali ya rufaa ya Nanyuki, iliyo Laikipia. Anayeumia Sagana yuko Kirinyaga, na jamaa zake wanaweza kuwa Karatina. Ikiwa kila kaunti itaandika kwa mtindo wake, mgonjwa anayevuka mpaka anatoweka kwenye hesabu za kaunti zote mbili. Sera ya taifa ya huduma ya dharura ya 2020 hadi 2030 imeshaweka msingi, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeweka wakala wa kusimamia mfumo mmoja wa taarifa za afya. Wizara ya Afya ina mamlaka ya kuamua fomu iwe moja. Kaunti zina mamlaka ya kuendesha magari. Na kama wizara itachelewa, kaunti 10 za ukanda huu tayari zina jumuiya yao ya kiuchumi, CEREB, inayokutanisha Nyeri na majirani zake wa Laikipia, Kirinyaga, Murang'a, Embu na Meru. Hakuna kinachowazuia kukubaliana kuhusu safu tano.

Kuhusu usiri wa wagonjwa nitasema kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na katika mji mdogo kama Chaka au Mweiga, umri na tarehe vinatosha kumtambulisha mtu. Ripoti ya umma ibebe saa, wadi na aina ya tatizo, na pale wagonjwa wanapokuwa wachache sana, miezi iunganishwe. Usiri ni wa mgonjwa. Kaunti haiwezi kujificha nyuma yake.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba wagonjwa wengi wa dharura hawaletwi na ambulensi hata kidogo. Wanaletwa na bodaboda, wakibanwa katikati ya dereva na jamaa. Wanaletwa na Probox ya jirani, na matatu, na pickup ya kubebea maziwa. Kwa nini basi tukazane kupima gari ambalo wengi hawalioni? Nakubaliana na hoja hii kuliko wanaoitoa, na ndiyo maana nadhani mahali pa kuanzia ni dawati la kasualti. Rejesta ya kupokea wagonjwa iongezwe maswali mawili: umeletwa na nini, na tatizo lilianza saa ngapi. Baada ya mwaka mmoja wa majibu hayo, hospitali ya rufaa ya Nyeri, ya Nanyuki, ya Kerugoya na ya Embu zingekuwa na picha ambayo sasa hakuna aliye nayo, ya namna watu wa mlimani wanavyofika wakiwa mahututi na muda wanaoupoteza. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa simu na mikoba ya vifaa kuanzia Septemba 2023, wangeandika upande wa pili, wa waliokufa nyumbani bila kufika. Huenda matokeo yakaonyesha kwamba fedha za ambulensi mpya zingeokoa watu wengi zaidi zikifundisha waendeshaji bodaboda kuzuia damu isitoke na kumlaza majeruhi vizuri. Huenda yakaonyesha kinyume chake. Kwa sasa anayedai kujua anakisia, akiwemo anayesema tununue magari kwanza na ripoti zije baadaye, kwa sababu hawezi kutuambia gari hilo jipya liegeshwe Mweiga au Gatitu, wala kwa nini.

Bajeti ya kaunti husomwa kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma. Msomaji atakayehudhuria kikao hicho Karatina, Othaya, Nanyuki au Chuka na aulize swali moja: katika miezi 12 iliyopita, wagonjwa 9 kati ya 10 wa wadi hii walifikiwa baada ya dakika ngapi, na ni miito mingapi haikujibiwa? Akijibiwa kwa idadi ya ambulensi zilizonunuliwa, arudie swali. Asipojibiwa, aliandike kwenye barua na kulipeleka ofisi ya kaunti, kwa kuwa kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu.